Timu ya wananchi ya kufuatilia hela za kijiji na kata: maswali mnayouliza kila siku

Haya ni maswali yanayojirudia sana, nimeyaweka sehemu moja ili tusiwe tunajibizana kitu kile kile kila wiki. Mengi yanatoka vijijini huku Tanzania Bara kwa hiyo majibu yameegemea huko, wa mjini na wa Zanzibar na nyie mna kipande chenu huko chini.

Hii timu ni kitu gani hasa?

Ni wananchi wachache waliochaguliwa na wenzao kufuatilia mambo matatu: hela ya umma imeingia shilingi ngapi, imetumika kwenye nini, na je kilichojengwa kinafanana na kilichoandikwa. Basi. Sehemu nyingi mtaisikia ikiitwa kamati ya PETS, kifupi cha Kiingereza cha kufuatilia matumizi ya hela za umma. Njia hii ilipata umaarufu Uganda, ambako miaka ya 90 walifuatilia ruzuku za shule za msingi wakakuta kati ya 1991 na 1995 shule zilikuwa zinapata wastani wa asilimia 13 tu ya hela waliyopangiwa, nyingine yote inaishia njiani hasa wilayani. Serikali yao ikaanza kutangaza mgao kwenye magazeti na kubandika shuleni, na miaka michache mbele sehemu kubwa ya hela ikawa inafika. Watu wanabishana ni kiasi gani kilichangiwa na magazeti peke yake, ila mzazi alikuwa anajua shule ya mwanae imetumiwa ngapi, na mwalimu mkuu alikuwa anajua kwamba mzazi anajua.

Si kazi ya diwani hiyo? Na halmashauri ya kijiji inafanya nini sasa?

Ni kazi yao pia. Halmashauri ya kijiji ina wajumbe 15 mpaka 25 na inawajibika kwa mkutano mkuu wa kijiji, yaani kwenu nyie wote mliofikisha miaka 18. Shida ni kwamba hao hao ndo wanaopanga na kusimamia matumizi, kwa hiyo ukiwaachia na kazi ya kujikagua unawaonea, hata mtu mwaminifu hajioni makosa yake. Diwani naye ana kata nzima na vikao vya halmashauri ya wilaya. Timu inawapa macho ya ziada, na diwani mzuri anaipenda kwa sababu akienda kwenye baraza anakuwa na karatasi mkononi badala ya "wananchi wanalalamika".

Lazima tusajili?

Kama mmechaguliwa na mkutano mkuu na muhtasari umeandikwa, hamhitaji usajili wowote, nyie ni kamati ya kijiji. Mkitaka akaunti ya benki, au mpokee hela za wafadhili, hapo ndo mnasajili kikundi cha kijamii halmashauri. Ushauri wangu msikimbilie usajili, nimeona vikundi vinakaa mwaka mzima kwenye katiba na muhuri na nani awe mweka hazina na hawajawahi kusoma hata karatasi moja ya matumizi.

Tuwe wangapi, na nani asiwepo?

Saba mpaka kumi inatosha. Kila kitongoji kiwe na mtu wake, wanawake wawe wengi kadri inavyowezekana (wao ndo wanaoshinda zahanati na bombani, wanajua dawa zimeisha lini kuliko mtu yeyote), na awepo hata mmoja mwenye ulemavu kwa sababu rampu (njia za mteremko) za vyoo na madarasa huwa zinasahaulika mpaka mwisho. Asiwepo mjumbe wa halmashauri ya kijiji, mtendaji, mzabuni anayeuza saruji au mchanga kwenye mradi, wala mtu mwenye mpango wa kugombea uenyekiti mwakani. Huyo wa mwisho ndo mgumu kumkataa kwa sababu ndo huwa mchangamfu kuliko wote.

Mtafuteni mstaafu mmoja. Mwalimu, karani wa ushirika wa zamani, nesi, mtu yeyote aliyewahi kushika leja. Anajua kusoma karatasi na haogopi kuhamishwa.

Tunaanzaje?

Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa ukae kila baada ya miezi mitatu na humo ndo mapato na matumizi yanasomwa. Kabla ya mkutano mwoneni mwenyekiti na mtendaji, muwaambie mnaomba ajenda ya kuchagua kamati ya ufuatiliaji, msiwashtukize mbele za watu. Siku ya mkutano kuchagua kufanyike kwa kupiga kura hata ya mikono, na hadidu za rejea ziandikwe kwenye muhtasari: mnafuatilia nini, mnaripoti lini, kwa nani. Halafu hakikisheni mnapata fotokopi ya huo muhtasari wenye saini na muhuri. Hiyo karatasi ndo kitambulisho chenu kila ofisi mtakayoingia, bila hiyo mtaulizwa "nyie ni nani" mpaka mchoke.

Kwetu mkutano mkuu hauitwi, mwaka sasa.

Andikeni barua kwa mwenyekiti kuomba mkutano, mkusanye saini kitongoji kwa kitongoji, nakala kwa mtendaji wa kata, diwani na mkurugenzi wa halmashauri. Barua ipokelewe na nakala yenu igongwe muhuri na tarehe. Ukiona mwenyekiti anaanza kusema "mtendaji ndo hataki" na mtendaji anasema "mwenyekiti ndo anaita", kumbukeni kwamba mwenyekiti mmemchagua nyie na mtendaji ni mwajiriwa wa halmashauri ambaye ndo katibu, kwa hiyo wote wawili wana mtu wa juu wa kuwauliza.

Na kuna jambo moja kuhusu mkutano mkuu watu hawalipi uzito mpaka wanaumia, nalo ni ardhi. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi bila mkutano mkuu kuridhia kwanza. Sasa mchezo unaochezwa ni huu: mnaitwa kikao cha chanjo au cha mbolea, mnasaini karatasi ya mahudhurio ambayo juu haina kichwa cha habari, baadaye ile karatasi inapachikwa nyuma ya muhtasari unaosema kijiji kimeridhia mwekezaji apewe eneo la malisho. Kwa hiyo sheria ya kwanza ya timu yoyote: hakuna kusaini mahudhurio yasiyo na tarehe na ajenda juu ya kila ukurasa, na piga picha kabla hujarudisha karatasi.

Tufuatilie nini kwanza? Mambo ni mengi.

Mradi mmoja. Nasema tena, mmoja. Timu nyingi zinakufa kwa sababu zimeanza na kila kitu, barabara, TASAF (mfuko wa kusaidia kaya maskini), maji, mnada, mikopo ya asilimia kumi ya halmashauri, zikaishia kuwa na malalamiko ya kila sekta na ushahidi wa sekta hata moja hamna. Chagueni kitu kinachojengwa sasa hivi, kinachoonekana kwa macho na chenye hela inayojulikana: darasa, choo cha shule, nyumba ya mganga. Fuateni kuanzia siku hela inaingia akaunti ya shule mpaka siku ya kukabidhi.

Kujulikana kwa ile hela ndo mtaji wenu. Mnakumbuka 2021 zile za UVIKO-19, madarasa 15,000 nchi nzima na kila darasa limepangiwa milioni 20. Kwa sababu namba ilitangazwa na kila mtu anaijua, mpaka mama ntilie jirani na saiti alikuwa anauliza mbona milioni ishirini imeisha na madirisha hayana vioo. Ulinganishe na mradi ambao hakuna anayejua bajeti yake, pale unaambiwa tu "fedha zimekwisha" na unaitikia ndiyo.

Nyaraka zipi tuombe?

Miradi mingi ya shule na zahanati inajengwa kwa fosi akaunti, maana yake hela inaingia akaunti ya shule au kituo, vifaa vinanunuliwa na fundi wa hapa hapa anajenga kwa mkataba wa ufundi. Kunakuwa na kamati ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi. Kwa hiyo ombeni: barua ya kupokea fedha inayoonyesha kiasi, BOQ (orodha ya vifaa na kazi na gharama zake) na ramani, mkataba wa fundi, mihtasari ya kamati ya manunuzi yenye bei za wazabuni walioshindanishwa, risiti za EFD (zile za mashine ya kodi), hati za kupokelea mzigo, na leja ya stoo. Leja ya stoo ndo tamu kuliko zote na ndo watu wanaisahau kuomba. Inaonyesha kila mfuko ulioingia, uliotoka, nani kachukua, tarehe ngapi.

Kwa shule ya msingi mnaweza kuongeza ruzuku ya uendeshaji. Kwenye mpango wa elimu bila ada ilipangwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, 6,000 ndo inayokwenda shuleni moja kwa moja na inayobaki ni ya vitabu. Zidisha kwa idadi ya wanafunzi uone, halafu nenda kwenye ubao wa matangazo wa shule uangalie kama kuna chochote kimebandikwa.

Mtendaji (au mwalimu mkuu) kakataa kutoa, anasema ni siri za ofisi.

Mara nyingi hata hajakataa kwa ubaya, anaogopa bosi wake. Mrahisishieni. Badala ya kuomba kwa mdomo andikeni barua ya ukurasa mmoja mkitaja Sheria ya Upatikanaji wa Taarifa ya 2016. Sheria hiyo inampa kila raia haki ya kuomba taarifa kwa taasisi ya umma, ofisi inatakiwa ijibu ndani ya siku 30, na asiyejua kuandika anaruhusiwa kuomba kwa mdomo halafu ofisa ndo anaandika kwa niaba yake. Wakikataa wanatakiwa watoe sababu, na usiporidhika unaomba mapitio kwa mkuu wa taasisi, baadaye kwa waziri. Wanaweza kuwatoza gharama za kudurufu, hiyo sio rushwa, ombeni risiti tu.

Ibara ya 18 ya Katiba nayo inatoa haki ya kupewa taarifa ya mambo muhimu kwa jamii, mnaweza kuitaja, ila kusema ukweli kinachofanya kazi kwenye ofisi ya kata sio Katiba, ni nakala ya barua kwenda kwa mkurugenzi. Akiona "Nakala: Mkurugenzi Mtendaji" hapo chini anaanza kutafuta faili.

Ombeni kitu mahsusi pia. "Tunaomba taarifa zote za mradi" ni barua inayojibika kwa porojo. "Tunaomba nakala ya leja ya saruji ya ujenzi wa choo kuanzia tarehe fulani" haina pa kukwepea.

Tukifika saiti tunaangalia nini, sisi sio mainjinia?

Hamhitaji kuwa mainjinia, mnahitaji kujua kusoma na kuhesabu. Nawapa mfano wa shule moja, siitaji. Leja inasema bati geji 28, risiti inasema geji 28, hati ya kupokelea mzigo inasema geji 28 na kamati ya mapokezi wote watatu wamesaini. Mama mmoja wa timu akapanda ngazi ya fundi na kanga yake kaifunga kiunoni, akasoma chapa iliyogongwa kwenye bati lenyewe: 30. Idadi ilikuwa sawa kabisa, hakuna hata bati moja lililoibiwa, ila geji 30 ni nyembamba na bei yake iko chini, kwa hiyo kuna hela imebaki mfukoni mwa mtu kwenye kila bati. Kamati ya mapokezi haikuwa imeiba chochote, gari lilikuja magharibi, wakahesabu na tochi ya simu, wakasaini. Muuzaji alilazimika kuzibadilisha kwa gharama zake. Hakuna injinia aliyehusika.

Kwa hiyo vitu vya kuangalia: chapa ya bati, unene wa nondo (nunueni rula ya kupimia au mbebe kipande cha milimita 12 cha kulinganishia), saruji ni ya nguvu gani imeandikwa kwenye mfuko, tofali ni inchi ngapi. Muulizeni mfyatuaji mfuko mmoja anatoa tofali ngapi. Tofali imara za inchi 6 ni thelathini na kidogo kwa mfuko, akiwaambia sitini kwa kujisifu basi mjue mtoto wenu atasomea ndani ya mchanga. Na hili ni la bure kabisa: mkubaliane na mtunza stoo mifuko mitupu ya saruji isitupwe wala isigawiwe, ifungwe kumi kumi na ikae stoo. Leja ikisema imetumika 140, mitupu iwe 140. Kidogo kitapungua, upepo, fundi kachukua wa kukalia, sawa, lakini ikipungua thelathini kuna stori hapo.

Nendeni wawili au watatu, mchana, mkiwa mmetoa taarifa kwa mwalimu mkuu. Msikatize kazi, msimwelekeze fundi. Andikeni tarehe na saa.

Tumekuta hesabu haziendi. Tufanyeje?

Kwanza ulizeni. Kwa barua, kwa upole: "leja inaonyesha hivi, sisi tumehesabu hivi, tunaomba ufafanuzi". Nusu ya mambo yana maelezo, kuna mifuko iliyoazimwa kwenye ujenzi wa choo, kuna risiti iko kwa mhasibu wilayani. Jibu lisipokuja au likija la ajabu, mnapeleka kwenye halmashauri ya kijiji, kisha mkutano mkuu, kata, halafu kwa mkurugenzi na mkaguzi wa ndani wa halmashauri. Huyu mkaguzi wa ndani watu hawamjui kabisa na ndo mtu wa kwanza wilayani ambaye kazi yake ni hiyo hiyo mnayofanya nyie. Mhandisi wa halmashauri kwa mambo ya ubora. Pakiwa na harufu ya rushwa yenyewe, yaani mtu kaomba au kala, nendeni TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, simu 113 haikati salio.

Neno "mwizi" lisitoke kinywani mwa mjumbe yeyote. Nyie mnasema "mifuko 32 haijaonekana". Mwizi atatajwa na mahakama.

Ripoti ya CAG inatusaidia na sisi huku chini?

Inasaidia kuliko mnavyodhani. CAG, yaani Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, anaikabidhi kwa Rais mwishoni mwa Machi, na Aprili inaingia bungeni na kuwekwa wazi, kuna kitabu kizima cha serikali za mitaa. Msihangaike kukisoma chote, tafuteni jina la halmashauri yenu, muone imepata hati gani ya ukaguzi (safi au yenye shaka) na hoja zipi, yaani kasoro alizoandika mkaguzi, zinajirudia. Kama hoja ni fosi akaunti kununua vifaa bila risiti za EFD, basi na nyie mnajua pa kuanzia. Tena ukisimama kwenye mkutano ukasema "hili CAG kaliandika" kidogo wanapunguza kukuita mchochezi. Vikao vya baraza la madiwani viko wazi pia, mwananchi unaruhusiwa kukaa na kusikiliza japo huruhusiwi kuongea. Tumeni mtu, hata mmoja, kaeni mstari wa mbele.

Tukitupia kwenye grupu la wasap au Facebook si itaenda haraka?

Itaenda haraka ndiyo, na nyie mtaenda haraka polisi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inagusa usambazaji wa taarifa za uongo, na ukiwa umekosea hata tarakimu moja, hiyo tarakimu ndo itazungumzwa, saruji itasahaulika. Rusheni kilichokwisha somwa mkutanoni na kuingia kwenye muhtasari. Majina ya wanufaika wa TASAF, namba za simu za watu, picha za wagonjwa, hizo haziruhusiwi kabisa, kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Ubao wa matangazo wa kijiji unadharauliwa ila mnatakiwa kuanza na huo, bango la karatasi lenye kiasi kilichopokelewa, kilichotumika, kilichobaki. Watu wanalisoma wakisubiri bodaboda.

Wanatuambia sisi ni wapinzani / tunatumika.

Watasema. Dawa yake ni kuwa na wanachama wa vyama tofauti ndani ya timu tangu mwanzo, hakuna sare wala kofia ya chama kwenye shughuli, na kipindi cha kampeni msitoe ripoti mpya. Kuelekea uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2024 kuna sehemu ripoti za wananchi ziligeuzwa kuwa vipeperushi vya wagombea, uchaguzi ukapita na timu ikapita nayo.

Kama ni vitisho kweli kweli, andikeni, nani kasema nini lini na mbele ya nani, mpeleke kwa mtendaji wa kata na polisi mkiwa wengi. Barua zote zisainiwe na timu nzima, asiwepo mtu mmoja ambaye jina lake ndo liko juu kila mara. Kuna Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya 2015, ila kinga ya uhakika zaidi ni kwamba mmechaguliwa na mkutano mkuu.

Posho je?

Hakuna. Najua haipendezi. Kijiji kinaweza kuamua kwenye mkutano kugharamia fotokopi na nauli ya kwenda wilayani, iandikwe na isomwe kama matumizi mengine. Msipokee hata soda kwa mzabuni.

Mikopo ya asilimia kumi tunaweza kufuatilia?

Ndiyo, baada ya huo mradi wa kwanza. Ni asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri inayokopeshwa vikundi, asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu. Ilisimamishwa 2023 kwa sababu ya vikundi hewa na marejesho mabovu, ikarudi 2024 na utaratibu mpya. Kwenye ngazi yenu swali ni jepesi tu: vikundi vilivyoorodheshwa kutoka kijiji hiki mnavijua? Mwenyekiti wake anakaa kitongoji gani? Kikundi hewa hakina jirani.

Sisi tuko mjini, mtaa wetu hauna hela yoyote.

Ni kweli mtaa hauna akaunti nono kama kijiji chenye mnada au mnara wa simu, hela ziko kata na halmashauri. Fuateni shule ya kata, zahanati, mtaro, michango ya ulinzi shirikishi na ya taka. Hiyo michango midogo midogo ndo haina risiti kabisa.

Zanzibar?

Mfumo ni mwingine, kuna shehia na sheha anateuliwa, hachaguliwi, na ile sheria ya taarifa ya 2016 ni ya Tanzania Bara. Mambo ya saiti na leja yanatumika vile vile ila barua zenu zitaje sheria za kwenu.

Mimi naishi Dar, kijiji changu kiko mbali, nasaidiaje?

Tuma vocha, chapa ripoti, soma CAG kwa niaba yao. Usiwe kiongozi wa timu kwa simu.

Mradi umeisha, tunavunja timu?

Bado. Kabla ya kukabidhi hakikisheni mambo matatu: vifaa vilivyobaki vimehesabiwa na kuingizwa leja (rangi, bati mbili, nondo, hivi ndo vinavyoota miguu usiku), fundi hajalipwa hela yake ya mwisho kama milango haifungi, na taarifa ya mwisho yenye kiasi kilichobaki benki imesomwa mkutanoni na kubandikwa. Kukiwa na kipindi cha matazamio kwenye mkataba (muda ambao fundi bado anawajibika kurekebisha kasoro) andikeni tarehe yake ya mwisho ukutani ofisini, mvua ya kwanza ikinyesha nendeni mkaangalie paa kabla hiyo tarehe haijapita. Halafu muombe mkutano mkuu uwape mradi wa pili, na wajumbe wawili watatu wabadilishwe ili na wengine wajifunze kusoma leja.